Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na wengi wetu tulifundishwa kuisikia kama onyo kwa mgeni mvivu: kula, lala, lakini usizoee. Mwaka 1962, katika kijitabu chake cha Ujamaa, Mwalimu Nyerere aliitumia kueleza jambo kubwa zaidi, kwamba katika jamii ya zamani ukarimu na kazi vilikwenda pamoja, na hata mgeni alishika mpini. Mimi nataka kuitumia kwa jambo dogo la siku hizi: safari ya wikiendi.

Wikiendi ina siku mbili. Unaondoka Jumamosi alfajiri, unarudi Jumapili usiku, Jumatatu uko kazini au darasani. Ukimpima kwa methali hii, msafiri wa wikiendi ni mgeni aliyepanga ratiba kwa ustadi mkubwa. Anaaga jioni ya siku ya pili, jembe likiwa bado limeegemea ukuta. Amekula, amelala, amepiga picha, amesifia upepo. Hakuna mwenyeji wa kumlaumu, maana amelipa. Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Je, kulipa kunatosha badala ya kulima? Anayekwenda kustarehe katika mji mdogo wa kale, wenye historia nzito na watu wanaoishi humo hadi leo, anadaiwa chochote zaidi ya bei ya chumba na sahani ya pweza?

Tumezoea kuwaachia swali hili watalii wa kigeni wenye kamera ndefu, lakini siku hizi linatuhusu sisi wenyewe. Kijana wa Dar es Salaam akipata nafasi anakwenda Bagamoyo, wa Tanga anakwenda Pangani, wa Nairobi anaweka akiba aende Lamu. Sisi wa kusini tunayo Mikindani, Kilwa Kivinje na Songea. Barabara imetusaidia. Zamani kutoka Tunduru kwenda Songea wakati wa masika ilikuwa safari ya kulala njiani na kusukuma gari kwenye tope. Tangu lami ikamilike kupitia Namtumbo, unaweza kunywa chai Tunduru na kula chakula cha mchana Songea. Tuna simu zenye kamera nzuri, tuna marafiki wa kuchangia mafuta, na tuna elimu ya kutosha kusoma vibao vya makumbusho. Tumekuwa watalii katika nchi yetu wenyewe. Wazazi wetu walisafiri kwa sababu ya msiba, harusi au hospitali.

Mimi natoka Namasakata, mkoani Ruvuma, na nasoma shahada ya uzamili mbali na nyumbani. Likizo iliyopita wanafunzi sita wa darasa letu tulikodi Noah tukaenda Mikindani. Nitasema wazi kwamba tulifurahi sana. Ghuba ya Mikindani ni tulivu kama maji ya beseni, na ngalawa zimelala juu yake kama zimechorwa. Nyumba za mawe ya matumbawe zimesogeleana vichochoroni, baadhi zina roshani za mbao, nyingine milango ya nakshi ambayo huwezi kuipita bila kuigusa. Boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo leo ni hoteli, linaitazama ghuba kutoka kilimani. Yupo mtu atakayekuonyesha jengo la soko la zamani la watumwa, na nyumba yenye kibao kinachomtaja David Livingstone, aliyefika hapa mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya kuingia bara, safari iliyofuata Mto Ruvuma na kupita katika nchi ya Wayao, yaani nchi ya wazee wangu.

Sitaki kuidharau furaha ile. Wapo wanaoona kwamba kustarehe mahali palipouzwa watu ni dhambi, na kwamba kwenye miji ya namna hii tunapaswa kutembea tukiwa tumeinamisha vichwa. Siamini hivyo. Watoto wa Mikindani wanacheza mpira karibu na majengo hayohayo, na hakuna mwenye haki ya kuwaambia wanyamaze. Tena, mtu asiyeguswa na uzuri wa mlango hatauliza ni nani aliyeuchonga. Starehe inaweza kuwa mwanzo wa kujua. Kinachonisumbua ni pale inapokuwa mwanzo na mwisho pia.

Tuanze na uzuri wenyewe. Mji mdogo wa kale unapendeza kwa sababu gani? Tunasema ni kwa sababu ya historia, lakini Kariakoo nayo ina historia. Tofauti ni kwamba Kariakoo kuna fedha, na fedha hubomoa. Nyumba za Kiswahili zilizokuwa na baraza na ua zimeng'olewa, maghorofa yamesimama mahali pake. Mikindani haikubomolewa kwa sababu fedha ilihama. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walipoanzisha mpango wao mkubwa wa karanga kusini, walijenga bandari ya kina kirefu Mtwara, kilomita kama 10 tu kutoka hapo, na shughuli zikafuata bandari. Mpango wa karanga ulikufa mapema, lakini Mikindani haikurudishiwa kilichoondoka. Kilwa Kivinje nayo, iliyokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa, iliachwa pembeni makao ya wilaya yalipokuwa Kilwa Masoko. Leo miti imeota ndani ya kuta za majengo ya mwambao wake, na mpiga picha anaona hazina. Kwa hiyo tunaposema mji "umehifadhika", mara nyingi tunasema kwa adabu kwamba watu wake walikosa fedha za kuubadilisha.

Asubuhi ya siku ya pili tulisimama kwenye nyumba moja tukimwomba mwenyewe tupige picha mlango wake. Mzee alikuwa barazani. Alituruhusu, akatuuliza tunasoma nini, kisha akatuambia kwamba miaka ikijaliwa ataondoa makuti yote aweke bati, na ule upande wa nyuma ulioanguka ataujenga kwa tofali za saruji. Mwenzetu mmoja, ambaye shahada yake ya kwanza ni ya ujenzi, alishtuka kweli.

"Mzee, ukiweka bati utaiharibu. Nyumba hii ni nzuri sana ilivyo."

"Nzuri kwa macho, mwanangu," mzee akasema. "Lakini mvua haina macho." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwenu mmeezeka nini?"

"Bati," mwenzetu akajibu.

Wote tulicheka, mzee akicheka kuliko sisi. Lakini kicheko kile kilikuwa na hoja ndani yake, na tuliijadili garini njia nzima ya kurudi. Kutamani mtu mwingine abaki chini ya paa linalovuja ili macho yangu yapumzike siku mbili kwa mwaka ni ubinafsi, hata kama tunauita kupenda utamaduni. Upande wa pili, mwenzetu hakuwa amekosea kila kitu. Ule mlango ukiuzwa kwa dalali, au ukatiwa msumeno, kuna kitu kitakuwa kimepotea kwa wote, hata kwa wajukuu wa mzee watakaozaliwa mijini. Nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na msingi wake ni huohuo, kwamba vitu fulani vina mwenyewe lakini pia vina taifa. Sawa. Ila kama uzuri wa nyumba ni mali yetu sote, kwa nini paa liwe mzigo wa mtu mmoja? Hatuwezi kugawana mandhari na kumwachia mzee gharama peke yake. Hapa naona sura ya kwanza ya jembe: anayetaka kitu kibaki ana wajibu wa kubeba sehemu ya mzigo wa kukibakisha. Asiyeweza kuubeba, basi angalau asimlaumu mwenye nyumba akipandisha bati.

Sura ya pili ni ngumu zaidi, na sikuiona Mikindani. Niliiona niliporudi nyumbani.

Namasakata hakuna boma. Hakuna mlango wa nakshi wala kibao cha mzungu aliyepita. Kuna nyumba za tofali, mikorosho, mashamba ya mpunga na mbaazi, na hofu ya tembo msimu wa mavuno. Msafiri anayetafuta mji wa kale atapita bila kupunguza mwendo. Nilimwonyesha bibi yangu picha za Mikindani kwenye simu. Alizitazama moja moja kwa makini, akauliza, "Humu wanakaa watu?" Nikasema wanakaa. "Mlifikia kwa nani?" Nikamweleza kwamba tulilala nyumba ya wageni. Akakubali kwa kichwa, akaendelea kutazama. Mwishoni akasema, "Sisi zetu zilikuwa za miti na udongo. Ungezipigaje picha?"

Siku chache baadaye tulikuwa tunatoka shambani, akanionyesha miembe mitatu mikubwa iliyosimama peke yake porini. Pale, alisema, palikuwa kwa babu yake. Pembeni kidogo, palipo na kichuguu, palikuwa kwa dada yake mkubwa. Akaendelea hivyo, mkono ukielekea huku na kule, hadi pori lote likajaa watu. Ni mahame. Walihama kwa awamu, na mara ya mwisho ni wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ambapo watu walisogezwa barabarani na nyumba zikaachwa zirudi kuwa udongo. Miembe tu ndiyo haikuhama. Nilikuwa nimepita njia ile utoto wangu wote na kuokota maembe yake.

Ndipo nikaanza kufikiri juu ya kile tunachokiita mji wenye historia. Kila mahali pana historia. Tunachotembelea wikiendi ni ile iliyojengwa kwa mawe. Na katika nchi hii, ni nani aliyejenga kwa mawe katika karne ya 19? Matajiri wa misafara ya pembe na watumwa, watawala waliotoka ng'ambo, na wamisionari. Wengine walijenga kwa miti, udongo na nyasi, vitu ambavyo moto unavimaliza kwa nusu saa.

Na moto ulikuja. Katika Vita vya Majimaji, kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka kusini yote, kwa makusudi, ili njaa imalize kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa kati ya watu 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Upana wa makadirio hayo ni ushahidi tosha: kuna watu laki mbili na zaidi ambao hatuwezi hata kusema kama walikuwepo au la. Vijiji vyao havina hata ukuta uliobomoka ambao mtu angeweza kuusogelea akapiga picha. Moto ulipita pande zote mbili. Misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, nayo ilichomwa katika vita hiyo. Lakini Peramiho ilijengwa upya, na leo wasafiri wa wikiendi kutoka Songea wanakwenda kuona kanisa na abasia yake, pazuri kweli. Tofauti ya waliochomewa iko hapo: mmoja aliweza kujenga upya kwa matofali na mawe, mwingine alizika watoto.

Mtu anayesafiri akifuata mawe, bila kujua, anajifunza kupenda nyumba za walioshinda. Hii haina maana kwamba boma lisitazamwe. Ina maana kwamba linapaswa kutazamwa pamoja na uwanja mtupu ulio mbele yake, na swali liwe: ni nini kilichokuwa hapa, na kwa nini hakipo?

Songea ni mahali pazuri pa kujifunza kutazama hivyo, kwa sababu ni mji ulioamua kukumbuka watu kabla ya majengo. Hata jina lake ni la mtu, Nduna Songea Mbano. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo viongozi na wapiganaji zaidi ya 60, akiwemo Nkosi Mputa Gama na mwanamke aliyeitwa Mkomanile, wakawazika katika kaburi moja la pamoja. Songea Mbano mwenyewe aliuawa siku chache baadaye, na ukoo wake unasema kichwa chake kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani. Makumbusho ya Majimaji yako hapo, yakiwa na kaburi, sanamu na majina, na kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka mashujaa. Nilikwenda mwaka huu, si wakati wa sherehe, siku ya kawaida tu. Hakuna cha kusifia kwa jicho. Kuna bustani, saruji na majina. Nilisimama nikisoma majina, na baada ya muda niligundua kwamba sijatoa simu mfukoni.

Songea inanilazimisha kusema jambo jingine ambalo wasafiri wa asili yangu hupenda kuliruka. Tukiwa Mikindani, kwenye soko la watumwa, ilikuwa rahisi kwetu sote sita kusimama upande wa waliofungwa minyororo. Lakini misafara iliyoshuka Kilwa na Mikindani ilitoka pia katika nchi ya Wayao, na machifu wa Kiyao walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe na watu. Wangoni nao, kabla ya kuwa mashujaa wa Majimaji, walivamia na kuteka majirani zao. Miongoni mwa wazee wangu wapo waliouzwa, na huenda wapo waliouza. Mahame ya bibi hayawezi kunieleza ni nani alikuwa nani. Kwa hiyo hata mimi, mtoto wa huku, siingii katika mji wa kale nikiwa mgeni safi. Hakuna anayeingia akiwa safi. Kama mgeni wa kigeni ana deni, nami ninalo, ingawa halifanani na lake.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni ya fedha: mgeni analeta riziki, mengine ni maneno ya wasomi. Ina ukweli. Mwenye nyumba ya wageni, mama ntilie, kijana anayeonyesha njia, wote wanamhitaji mgeni wa wikiendi kuliko wanavyohitaji insha yangu. Boma la Mikindani lenyewe lilikuwa limechakaa kabla ya shirika la hisani la Trade Aid kulikarabati na kulifanya hoteli inayofundisha vijana wa hapo kazi za utalii. Sidharau hata shilingi moja. Lakini methali haikusema siku ya tatu mdai fedha, na wazee walizijua fedha. Fedha humaliza uhusiano: umenipa, nimekupa, kwaheri. Jembe linaufungua, maana aliyelima nawe atauliza mvua zilikuwaje.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili kabisa. Jamaica Kincaid, mwandishi wa kisiwa cha Antigua, alitoa mwaka 1988 kitabu kidogo kikali, A Small Place, kinachomwonyesha mtalii sura yake mwenyewe mpaka atamani kufunga mizigo. Hoja yake moja inauma zaidi: mwenyeji naye angependa kuwa mtalii, apumzike na maisha yake, ila hana nauli. Nilipoisoma nilimfikiria mzee wa Mikindani na bibi yangu. Lakini siwezi kufika mahali pa kusema basi tusiende. Kijana wa Tanzania asiyewahi kuona Songea wala Kilwa hajawatendea haki watu wa huko kwa kubaki kwake nyumbani. Amewasahau kwa raha zaidi tu.

Pingamizi la tatu ni la kifalsafa. Immanuel Kant, aliyeishi maisha yake yote bila kwenda mbali na mji wake wa Königsberg, aliandika mwaka 1795 katika insha yake juu ya amani ya kudumu kwamba kila binadamu ana haki ya kuzuru nchi ya wengine bila kutendewa kama adui, kwa kuwa dunia ni duara na ni yetu sote. Ila haki hiyo, alisema, ni ya kuzuru tu; kukaa kama mgeni wa nyumbani kunahitaji makubaliano ya pekee na mwenyeji. Na aliweka mpaka huo akiwa na hasira na Wazungu wa zama zake, ambao kwao kuzuru nchi na kuiteka vilikuwa kitu kimoja. Kwa hesabu yake, mimi msafiri wa wikiendi sijavunja lolote. Nimezuru kwa amani, nimeondoka. Nakubali. Lakini Kant aliandika juu ya kile ambacho mwenyeji hawezi kumnyima mgeni. Methali yetu inaongelea kile ambacho mgeni hapaswi kumnyima mwenyeji. Mtu anaweza kutimiza ya kwanza kikamilifu na bado akawa mgeni duni.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea. Alikwenda Makumbusho ya Majimaji, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyafanya, akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kutafuta fuvu la babu yao. Kisha akaondoka. Ilikuwa ziara fupi kuliko hata wikiendi yetu. Wapo waliosema ni maneno matupu, wapo waliolia. Mimi natazama jambo moja: alikuja kwa watu wenye majina, waliomwambia wanachokidai, na akakiri kwamba kinadaiwa. Kwa kukiri, alijiwekea siku ya tatu. Alipoondoka fuvu lilikuwa halijapatikana, na kila mwaka unaopita bila jibu ukoo una haki ya kuuliza jembe liko wapi. Angekuja akapiga picha na ngoma, hakuna ambaye angekuwa na la kumdai.

Sisi si marais, na madeni yetu ni madogo. Kwa hiyo hata majembe yetu yanaweza kuwa madogo. Swali la bibi, "mlifikia kwa nani?", naliona sasa kama kipimo kizuri kuliko vyote. Ukirudi kutoka mji wa kale na huwezi kumtaja mtu hata mmoja, bado uko barabarani. Kama unaweza kumtaja, basi kazi itajitokeza yenyewe, kwa sababu watu wana shida na shida zina sura. Yule mwenzetu wa ujenzi alirudi Mikindani baada ya mwezi, peke yake, kwa basi. Alikaa siku nne. Alimfanyia mzee hesabu ya vifaa, wakapanda pamoja kutazama boriti, wakaona ukuta wa nyuma unaweza kujengwa tena kwa mawe yaleyale yaliyoanguka, kwa chokaa, kwa gharama isiyopita sana ile ya saruji. Paa limewekwa bati. Mlango umebaki. Amenitumia picha, na nitasema ukweli, nyumba haipendezi kama ilivyokuwa tulipoiona. Ila haivuji.

Jembe langu mimi ni kalamu, na shamba langu liko nyumbani. Nimenunua daftari kubwa, na kila nikiwa likizo tunatembea na bibi kwenye mahame, taratibu, kwa kuwa magoti yanamsumbua. Ninaandika: mwembe wa kwanza, kwa nani, kisima, kilichimbwa na nani, kaburi lisilo na alama, la nani. Majina mengine hayakumbuki, anabaki amesimama akitikisa kichwa, na ninaacha mstari wazi. Hadi sasa tuna kaya 23. Hakuna mtalii atakayekuja kuziona, na sifanyi kwa ajili yake.

Sabasaba inayokuja wenzangu wa darasa wamesema wanataka kuja Namasakata, wote watano. Mmoja ameuliza kwenye kundi letu la WhatsApp kuna nini cha kuona. Nimejibu kwamba kuna miembe mitatu na mtu wa kuwaeleza. Watafikia kwetu. Bibi ameshauliza kama wanakula ugali wa mhogo au awawekee mchele, na kama kuna asiyekula samaki wa kukausha. Wamepanga kukaa siku mbili, nami nimewaomba waongeze moja, maana ndio msimu wa kupulizia salfa mikorosho na nyumbani hapa tuko wachache. Mashine ya kupulizia tunayo moja. Nyingine tutaazima kwa jirani.